UZI: Vidonge vya ujauzito na kunyonyesha. Geuza kopo, soma nyuma

mfamasia_mkimya

Wakuu, heshima kwenu.

Ombi ninalolisikia kuliko yote nikiwa kaunta ni hili: "Nipe vitamini nzuri ya mjamzito." Nikimuuliza anameza nini kwa sasa, anafungua mkoba: vidonge vya damu vya kliniki, multivitamini aliyoletewa na wifi, mafuta ya samaki, kalsiamu, na vile vya nywele na kucha alivyokuwa anatumia tangu kabla ya mimba. Na katika hivyo vyote, pakiti ambayo haijaguswa ni ya kliniki. Kisa? Inanuka chuma, inafunga choo, na haina picha ya mama anayetabasamu.

Sikatazi mtu vidonge. Ninachotaka ni tujue kipi kinatangulia, kwa kiasi gani, mpaka lini, na kipi hata ukikiacha dukani hujapoteza kitu.

Nianze na foliki (asidi ya foliki, vitamini ya kundi B), maana hiyo ndiyo watu wanaichelewa. Mrija unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hujifunga takribani siku 28 baada ya mimba kutunga. Muda huo mama ndiyo kwanza anajiuliza mbona siku zake zimechelewa. Mrija usipojifunga ndiyo tunapata mtoto mwenye mgongo wazi, au fuvu ambalo halikukamilika, na kidonge ulichoanza mwezi wa nne hakiwezi kurudi kuufunga. Kwa hiyo mikrogramu 400 kwa siku zinatakiwa ziwe mwilini kabla: anza unapoanza kutafuta mtoto, ikiwezekana mwezi mzima au zaidi kabla ya kushika mimba, na usikose katika wiki 12 za mwanzo. Baada ya hapo foliki huendelea pamoja na madini chuma, kwa kazi ya kutengeneza damu.

Kuna utafiti mmoja naupenda sana kwenye hili. Ulitolewa mwaka 1991 na Medical Research Council ya Uingereza, kwa wanawake ambao tayari walishawahi kupata mimba yenye tatizo hilo. Waligawanywa makundi manne: foliki peke yake, vitamini nyingine bila foliki, vyote pamoja, na kundi lisilopewa kimojawapo. Foliki ilipunguza tatizo kujirudia kwa asilimia 72. Zile vitamini nyingine? Hazikuonyesha kinga yoyote ya maana. Ukiwaza kununua kopo lenye majina 25 nyuma, kumbuka hilo.

Wapo wanaohitaji foliki nyingi zaidi, miligramu 4 au 5: aliyewahi kupata mtoto mwenye mgongo wazi (au mwenza wake ana historia hiyo), anayetumia dawa za kifafa hasa valproeti, na katika miongozo ya nchi kadhaa, mwenye kisukari na mwenye selimundu. Hao waandikiwe na daktari. Wengine wote, dozi kubwa haiwaongezei kitu.

Sasa madini chuma. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mjamzito apate miligramu 30 hadi 60 kwa siku, na pale ambapo upungufu wa damu umeenea kwa asilimia 40 ya wajawazito au zaidi, 60 ndiyo inayopendekezwa. Hapa ndipo kopo linapodanganya watu bila kusema uongo. Namba kubwa iliyoandikwa mbele mara nyingi ni uzito wa chumvi nzima iliyobeba chuma, na chuma chenyewe ni sehemu yake tu. Ferasi salfeti kavu ya miligramu 200 ina chuma kama 65. Ferasi fumareti ya 210 ina kama 68. Ferasi glukoneti ya 300 ina 35 tu. Kwa hiyo yule anayebadilisha kutoka ya "200" kwenda ya "300" akidhani amepanda dozi, ameshuka karibu nusu. Geuza kopo utafute maandishi madogo yanayosema chuma halisi ni kiasi gani. Ukikosa, uliza.

Jinsi ya kumeza: tumbo likiwa tupu kinafyonzwa vizuri zaidi, na vitamini C inasaidia. Chai, kahawa, maziwa, kalsiamu na dawa za kiungulia vinakizuia, viache saa mbili kati yake. Tumbo likigoma, meza na chakula. Kilichomezwa na chakula kinafyonzwa pungufu, lakini kilichobaki kwenye pakiti hakifyonzwi hata kidogo. Choo kuwa cheusi ni kawaida, usikimbie kupima vidonda vya tumbo. Kikiwa cheusi cha kunata kama lami, chenye harufu kali, na wewe unasikia kizunguzungu, hiyo ni habari nyingine, nenda hospitali.

Karibuni kwa maswali. Mimi ni mfamasia, si daktari wako. Mwenye ugonjwa wa kudumu asichukue dozi humu.

---

MamaWawili

Asante mkuu. Mimi cha kliniki kilinishinda kabisa mimba ya kwanza, nilikuwa nikikiona tu natapika. Sasa nanyonyesha wa pili, naomba ukifika kwenye kunyonyesha usipite haraka. Kila mtu anazungumzia ujauzito, ukishajifungua unaachwa na kopo lako.

---

nyuki_mkali

Bibi zetu walizaa kumi na mbili bila hata kidonge kimoja. Leo mwanamke ana mimba ya wiki tano anatembea na duka la dawa kwenye pochi. Biashara tu hizi.

---

nesi_wa_usiku

@nyuki_mkali shikamoo. Hao bibi tunaowasikia ni waliobaki kusimulia. Mwenye damu pungufu akivuja baada ya kujifungua, kiasi kile kile cha damu ambacho mwenzake anakipoteza na kuamka kesho, yeye kinamwondoa. Nimefanya kazi labour miaka mingi, sina ugomvi na bibi wa mtu, ila hilo nimeliona kwa macho.

Naongeza mambo matatu ambayo mleta uzi hajagusa.

Kwanza, kuna imani kuwa vidonge vya damu vinamfanya mtoto awe mkubwa mno na mama atapasuliwa. Wanaoamini hivyo hawakwambii; wanapokea pakiti kwa adabu, wanaiweka kwenye mkoba, wanakuja mwezi ujao wingi wa damu (hemoglobini, gramu kwa desilita) umeshuka kutoka 10 hadi 8. Madini chuma hayanenepeshi mtoto. Mtoto mkubwa kupita kiasi mara nyingi unaulizia sukari ya mama, na urithi. Kinachofanywa na chuma ni kumpunguzia mtoto hatari ya kuzaliwa na uzito pungufu, labda ndipo maneno yalipopindishiwa.

Pili, na hii naomba wafamasia mliosimama kaunta mnisikie: mjamzito anayepewa SP ya kukinga malaria hapaswi kuwa anameza foliki ya miligramu 5. SP inafanya kazi kwa kuwanyima vimelea foliki. Wewe ukimwaga foliki nyingi, unawalisha, na dawa inapungua nguvu. Ile ya mikrogramu 400, yaani miligramu 0.4, haina shida hiyo. Tatizo ni kwamba vile vidogo vya njano vya miligramu 5 ndivyo rahisi kupatikana, na mtu anaona "foliki ni foliki". Kimoja hicho ni zaidi ya dozi 12 za kawaida. Mwenye sababu ya kutumia 5 aseme pale kliniki kabla hajamezeshwa SP, wao ndio watapanga.

Tatu, mwenye hamu ya kutafuna udongo, barafu, mkaa, chaki, usimcheke na usimfiche. Apimwe damu. Mara nyingi hamu hiyo inaambatana na upungufu wa chuma, na udongo wenyewe unaweza kukikamata chuma tumboni kisifyonzwe, kwa hiyo anazunguka palepale.

---

nyuki_mkali

Marahaba. Sawa, hapo kwenye kuvuja damu umenishika. Lakini biashara bado ipo.

---

mfamasia_mkimya

Biashara ipo, mzee wangu, wala hatubishani. Ndiyo maana nikasema pakiti ya bei ndogo kuliko zote ndiyo yenye kazi kubwa kuliko zote.

Na @nesi_wa_usiku asante kwa hilo la SP, lilistahili uzi wake.

---

BabaKijacho

Wakuu, mke wangu ana miezi miwili. Kuna dada wa mtandao ananiuzia "kifurushi cha mama": multivitamini, omega 3 ya akili ya mtoto, vitamini A ya macho, na mafuta ya ini la samaki. Anasema mtoto atazaliwa genius. Niko tayari kulipa kama ni kweli, msinicheke.

---

mfamasia_mkimya

@BabaKijacho hakuna wa kukucheka. Ila kabla hujalipa, piga picha ya nyuma ya yale makopo, si mbele.

Nakuanzia na la hatari. Vitamini A ina sura mbili. Ile inayotoka kwenye mimea, betakarotini, mwili unaigeuza kadiri unavyohitaji, haina shida. Ile iliyokwisha kuiva, retinoli, imeandikwa retinili palmiteti au retinili asiteti kwenye kopo, ikizidi katika miezi ya mwanzo inaweza kumharibu mtoto: uso, moyo, ubongo. Kikomo kinachotajwa ni yuniti 10,000 kwa siku, sawa na mikrogramu 3,000, kwa vyanzo vyote kwa jumla. Sasa angalia kifurushi chako: multivitamini ina retinoli, kidonge cha "macho" kina retinoli, na mafuta ya ini la samaki, kama jina lilivyo, yanatoka kwenye ini, ambako samaki anahifadhi vitamini A. Kila kopo peke yake linaweza kuwa ndani ya mpaka. Yakikutana kwenye tumbo moja, kila asubuhi, mimba ikiwa na miezi miwili, yanaruka mpaka. Ini la mnyama nalo ni vivyo hivyo, ndiyo maana nchi nyingine huwaambia wajawazito waliache kabisa.

Usichanganye mafuta ya ini la samaki na mafuta ya samaki ya kawaida. Ya pili yanatoka kwenye nyama ya samaki, na hayana mzigo huo wa vitamini A.

Vitamini A kwa wajawazito WHO wanaishauri pale tu ambapo upungufu wake ni tatizo la afya ya jamii, wanawake wanapopata upofu wa usiku, na hapo pia kwa kiasi: hadi yuniti 10,000 kwa siku au 25,000 kwa wiki.

Omega 3: ushahidi wake mzito uko zaidi kwenye kupunguza kujifungua njiti, na hata huko tafiti hazijakubaliana zote. Kwenye akili za mtoto, faida haijaonekana waziwazi. Genius hakuuzwa kwenye kopo bado.

Multivitamini sasa. Kuna nzuri na kuna za mapambo. Mwaka 1999 mashirika ya Umoja wa Mataifa yalikubaliana fomula moja ya wajawazito yenye vitamini na madini 15: chuma miligramu 30, foliki mikrogramu 400, madini joto (ayodini) mikrogramu 150, zinki miligramu 15, vitamini A mikrogramu 800, D, E, C, kundi la B na nyinginezo. Imepimwa kwa maelfu ya wanawake, na ikilinganishwa na chuma na foliki peke yake, inapunguza watoto wanaozaliwa na uzito mdogo. Mwaka 2021 iliingia kwenye orodha ya WHO ya dawa muhimu. Kliniki inayotoa hiyo, inaitoa badala ya vidonge vya damu. Usimeze vyote viwili kwa kudhani unajiongezea, labda aliyekupima damu akuambie.

Kwa hiyo jibu: mke aende kliniki mapema, aanze foliki leo kama hajaanza, na hiyo hela ya kifurushi ibaki mfukoni.

---

BabaKijacho

Nimegeuza. Multivitamini retinili palmiteti yuniti 5,000. La macho yuniti 8,000. La ini halijaandika kiasi. Dada nimemblock.

---

nesi_wa_usiku

13,000 kabla hujafungua la tatu. Umefanya vizuri kusoma.

---

Tumbo_la_Pili

Mimi nina wiki tisa, kichefuchefu asubuhi mpaka usiku. Chuma nikikigusa tu yamekwisha. Naruhusiwa kukiacha kwanza?

---

nesi_wa_usiku

@Tumbo_la_Pili pole mdogo wangu. Foliki usiiache, hiyo ni ndogo na haisumbui tumbo. Chuma, zungumza na mkunga wako: kama damu yako iko sawa, wengi huwaacha wajawazito wapumzike nacho hadi kutapika kupungue, kisha wanaanza. Kama iko chini ya 11, hapo mtatafuta njia: kumeza usiku kabla ya kulala, kubadilisha aina, au kumeza siku moja na kuruka siku moja. Hii ya kuruka siku si uvivu. Ukimeza chuma, mwili unatoa homoni inayofunga mlango wa chuma kwa takribani siku nzima, kwa hiyo kidonge cha siku inayofuata kinakuta mlango umerudishiwa. Lakini mwenye upungufu mkubwa, hasa mimba ikiwa imeshakomaa, asijipangie hivyo mwenyewe. Wengine wanahitaji chuma cha mshipa.

Kwa kichefuchefu, vitamini B6 inasaidia wengi: miligramu 10 hadi 25, mara tatu kwa siku. Usipite hapo ukidhani ni vitamini tu haina madhara. B6 ikizidi kwa muda mrefu inaharibu mishipa ya fahamu, miguu na mikono inakufa ganzi. Na ukifika mahali hata maji hayakai tumboni, mkojo umekuwa mweusi, hapo usisubiri vitamini.

---

Mla_Majani

Sili nyama, samaki, mayai wala maziwa, mwaka wa nne huu. Daktari mmoja aliniambia "kula mboga nyingi tu, utapata kila kitu". Nina mimba ya miezi mitano.

---

mfamasia_mkimya

Kila kitu kasoro B12. Hiyo haipo kwenye mimea kwa kiasi cha kutegemea, mboga ziwe nyingi namna gani. Wewe unaweza usione dalili kwa miaka kwa sababu ini lina akiba, lakini mtoto anazaliwa na akiba ndogo, halafu ananyonya maziwa yasiyo na B12. Miezi minne, mitano, mama anaona mtoto aliyekuwa anacheka ameacha kucheka, shingo imelegea, hakui. Ikichelewa kugunduliwa, mengine hayarudi. Na kitu kibaya zaidi: foliki unayomeza inaweza kuficha dalili za damu, wewe ukaonekana mzima huku mishipa ya fahamu inaumia.

Anza B12 sasa, uendelee kipindi chote cha kunyonyesha, na omba upimwe kiwango chake. Ambao wametumia metformini (dawa ya kisukari) muda mrefu, au waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo, nanyi mko kundi hili.

---

Mla_Majani

Nimetetemeka kidogo. Kesho asubuhi naenda.

---

shangazi_wa_kati

Na kalsiamu jamani? Tuliambiwa mtoto anatoa kalsiamu kwenye meno ya mama, kila mtoto jino moja.

---

mfamasia_mkimya

Shangazi, meno yako yako salama na mtoto. Kinachoyaharibu ujauzitoni ni kutapika tindikali, ufizi kuvimba na kula kila saa bila kupiga mswaki. Kalsiamu mtoto anaichukua kwenye chakula chako na kwenye mifupa. Hata anayenyonyesha hupoteza kama asilimia 3 hadi 5 ya uzito wa mifupa, na akiachisha inarudi. Kumeza kalsiamu hakuzuii kushuka huko, kwa hiyo usinunue kwa sababu hiyo.

Sababu ya kweli ya kalsiamu ujauzitoni ni kifafa cha mimba. Kwa wanawake wanaopata kalsiamu kidogo kwenye chakula, WHO walishauri gramu 1.5 hadi 2 kwa siku, ambavyo ni vidonge vikubwa vitatu au vinne vya kugawa siku nzima, na ukumbuke visikutane na chuma. Nani anaweza? Mwaka 2024 yakatoka matokeo ya tafiti mbili kubwa, India na Tanzania, kila moja ikiwa na wanawake wapatao 11,000: miligramu 500 kwa siku haikuwa nyuma ya 1,500 katika kuzuia dalili za awali za kifafa cha mimba. Kidonge kimoja badala ya vitatu. Habari nzuri kama hii sijui kwa nini haipigiwi ngoma.

Vitamini C na E nazo zilijaribiwa kwa kazi hiyo hiyo, hazikufua dafu. WHO hawazishauri kwa lengo hilo.

---

MamaWawili

Mmemaliza? Zamu ya wanaonyonyesha sasa 😄 Nimeambiwa niendelee na vile vya ujauzito mpaka nitakapoachisha. Kweli?

---

mfamasia_mkimya

@MamaWawili zamu yako, na sipiti haraka.

Maziwa ya mama hayabebi kila kitu kwa namna moja. Kuna virutubisho ambavyo maziwa yanavilinda hata mama akiwa navyo kidogo: chuma, kalsiamu, foliki, zinki. Hapo mama ndiye anayelipa gharama, mtoto anapata chake. Kwa hiyo ukimeza chuma wakati wa kunyonyesha unajitibu wewe, hukiongezi kwenye maziwa. Kundi la pili linafuata hali ya mama: vitamini za kundi B (B1, B2, B6, B12), vitamini A, D, madini joto, seleniamu. Mama akikaukiwa, maziwa nayo yanapungukiwa, na mama akiongezewa, maziwa yanapanda.

Ukishajua hivyo, kopo linajipanga lenyewe.

Chuma: mahitaji yanashuka. Vitabu vya Marekani vinampa mjamzito miligramu 27 kwa siku kutoka vyanzo vyote, anayenyonyesha 9 tu, kwa sababu mtoto hachukui tena kwa wingi na wengi bado hawajaanza kuona siku zao. WHO wanashauri kuendelea na vidonge wiki 6 hadi 12 baada ya kujifungua, pale ambapo upungufu wa damu ujauzitoni ni asilimia 20 au zaidi. Aliyevuja sana, aliyejifungua kwa upasuaji au aliyeingia labour damu ikiwa chini, apimwe kabla ya kuacha. Uchovu wa kulea kichanga na uchovu wa kukosa damu vinafanana mno, kipimo ndicho kinavitofautisha.

Madini joto: yanapanda. WHO wanaweka mikrogramu 250 kwa siku kwa mjamzito na anayenyonyesha. Kama chumvi ya jikoni kwako ina madini joto na unaitumia kila siku, wengi wenu mnafika. Anayetumia chumvi isiyo nayo, au asiyetumia chumvi kabisa, ndiye wa kufikiria kidonge. Vidonge vya mwani wa baharini usiviguse kwa ajili hii, kiasi chake hakitabiriki na tezi ya shingo ya mtoto inaweza kuumia.

Vitamini D: hapa maziwa ya mama yana kidogo karibu kwa kila mama. Miongozo ya nchi kama Marekani inampa mtoto mwenyewe matone ya yuniti 400 kwa siku tangu siku za mwanzo, badala ya kutegemea mama ameze. Umo utafiti wa 2015 ambapo mama alimeza yuniti 6,400 kwa siku na maziwa yakamtosha mtoto, lakini hiyo ni dozi ya kusimamiwa, usiige. Uliza kwa anayemwona mtoto wako.

Vitamini A ya dozi kubwa ambayo zamani mama alipewa akishajifungua: tangu 2011 WHO hawaishauri tena. Ukiambiwa uikimbilie, unaambiwa ya zamani.

Kwa hiyo vile vya ujauzito si lazima hadi uachishe. Chakula chako kikiwa na mchanganyiko, ukimaliza muda wa chuma umemaliza. Chakula kikiwa cha kubahatisha, kidonge kimoja chenye kundi B na madini joto kina kazi.

---

MamaWawili

Hapo kwenye "mama ndiye anayelipa" ndipo nilipokuwa nasubiri. Miaka yote naambiwa "meza maziwa yatoke". Hakuna aliyesema "meza upone".

---

nesi_wa_usiku

Na kwa taarifa, hakuna vitamini ya kuongeza maziwa. Maziwa yanaongezwa na mtoto kunyonya vizuri na mara nyingi, usiku ukiwemo. Ukiona hayatoshi, omba uangaliwe jinsi mtoto anavyoshika titi kabla hujanunua kitu.

---

kimya_kimya

Samahani wakuu, niko kwenye ARV na nina mimba. Chuma na dawa zangu vinaendana? Kliniki niliona aibu kuuliza maana kulikuwa na watu.

---

mfamasia_mkimya

Umefanya vyema kuuliza. Kama dawa yako ina dolutegravir, chuma na kalsiamu vinaishika tumboni isifyonzwe. Una njia mbili: vimeze pamoja wakati mmoja na chakula, au kama huli, meza ARV saa mbili kabla ya chuma au kalsiamu, au saa sita baada yake. Usiache chochote kati ya hivyo. Siku nyingine omba kuongea na mfamasia pembeni, ni haki yako.

Wengine: dawa ya tezi ya shingo, levothairoksini, iachane na chuma na kalsiamu kwa saa nne. Methildopa ya presha nayo inapunguzwa na chuma, zitenganishe na umwambie anayekupima presha.

---

Tumbo_la_Pili

Vile vya nywele na kucha ulivyovitaja mwanzo vina ubaya gani? Dada yangu amejifungua, nywele zinatoka kwa mafungu, anavimeza viwili viwili.

---

mfamasia_mkimya

Nywele kupukutika kuanzia kama mwezi wa tatu baada ya kujifungua ni kawaida, zinarudi zenyewe ndani ya mwaka. Vile vidonge vingi vina biotini (vitamini ya kundi B) kwa dozi kubwa kupindukia, na biotini inavuruga vipimo vya maabara, vikiwemo vya tezi; unaweza kuambiwa una ugonjwa ambao huna. Aviache. Nywele zikiendelea kutoka na amechoka kupita kiasi, apimwe damu na tezi, na amwambie anayempima kwamba alikuwa anatumia biotini.

---

BabaKijacho

La mwisho kwangu. Tuna mtoto wa miaka miwili anayefungua kila kitu. Vidonge vya damu tumeweka juu ya meza ya kitanda.

---

nesi_wa_usiku

Viondoe sasa hivi, kisha urudi usome. Vimepakwa rangi na sukari, mtoto anaviona peremende. Vidonge vya chuma vimeua watoto wadogo, na idadi inayohitajika kwa mtoto wa kilo 12 si kubwa. Mbaya zaidi, anaweza kutapika na kuharisha, halafu akaonekana amepata nafuu kwa saa kadhaa huku ini linaharibika. Akimeza, hata kama anacheka, mpeleke hospitali pamoja na pakiti yenyewe wahesabu vilivyobaki. Usimtapishe.

---

BabaKijacho

Vimepanda juu ya kabati, ndani ya boksi lenye kufuli. Na mke akisahau siku moja, kesho ameze viwili?

---

nesi_wa_usiku

Hapana. Ameze cha siku hiyo tu.